Kampuni inayotunza pensheni yangu inawashawishi watunga sheria upande upi?

Mchangiaji: Habari zenu. Akiba yangu ya uzeeni iko kwa kampuni ya uwekezaji inayojitangaza kuwa inaunga mkono Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu tabianchi. Jana nimeisoma ripoti yake ya uendelevu, kurasa 94. Ushawishi kwenye sera za tabianchi umepewa sentensi moja: "Tunashirikiana na wadau." Wadau gani, kuhusu mswada upi, wakiunga mkono au wakipinga? Kimya. Mwisho kabisa ndipo nikakuta vyama sita vya wafanyabiashara ambavyo kampuni hiyo ni mwanachama wake. Usingizi ukaniruka. Niwaulize nini?

Mkaguzi mstaafu: Anza na hivyo sita. Kampuni nyingi hazipeleki mtu wao bungeni, chama ndicho huenda. Nimekagua ada za uanachama miaka mingi. Kule Marekani, sehemu ya ada inayotumika kwa ushawishi haipunguziwi kodi, kwa hiyo chama kwa kawaida humwarifu mwanachama ni kiasi gani. Wakikwambia hawajui, waombe wakaulize idara yao ya hesabu.

Mama Zuhura: Na rejista za serikali za ushawishi usizitegemee sana, ndugu yangu. Ripoti za Marekani za kila miezi mitatu hutaja fedha na miswada, lakini hazimlazimishi mtu kusema alisimama upande gani. Aliyeupigania mswada na aliyeuzika wanaonekana sawa!

Mchangiaji: Hilo la upande sikulijua kabisa. Nilishaandika "mna sera gani?", nimefuta.

Mkaguzi mstaafu: Vizuri, maana sera watakutumia tu. Kuna kiwango cha kimataifa cha ushawishi wa tabianchi cha 2022, chenye vigezo 14. Kinataka kampuni ilinganishe msimamo wake na wa kila chama, na iseme itafanya nini vikipishana. Omba ulinganisho huo, chama kwa chama. Kisha uupime na alama ambazo InfluenceMap, shirika la London linalochunguza ushawishi wa tabianchi, huvipa vyama.

Mama Zuhura: Usisahau kura. Hao wanaotunza pensheni yako ni wanahisa kwenye kampuni za mafuta na umeme. Wanahisa wenzao walipozidai kampuni hizo zitangaze ushawishi wao, wao walipiga ndiyo au hapana? Mimi ningeanza na hilo, kwa sababu wanapiga kwa hisa zilizonunuliwa kwa fedha zako.

Mchangiaji: Nimeliweka la kwanza. Barua imekwenda asubuhi hii, na vyama vyote sita nimevitaja kwa majina.