MREJESHO: Kuwakumbuka mashujaa nyumbani na watoto, Julai 25

Niliuliza jinsi ya kuwafundisha watoto wa miaka 5 hadi 11 kuwaenzi askari waliokufa vitani. Asanteni, ushauri wenu umefanya kazi.

Dakika 25 zinatosha. Kilichobeba shughuli ni zana za asili, kama zinavyowekwa kwenye mnara wa kumbukumbu siku ya Mashujaa, Tanzania: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka, na shada la maua. Tulizikata kwenye maboksi. Mpe mtoto zana yake zamu yake ikifika tu. Ukizigawa mapema, vita vinaanza sebuleni! Akishaiweka, arudi nyuma hatua 3, asimame wima.

Kimya cha dakika nzima kiliwashinda wadogo, wakaanza kucheka. Sekunde 20 wanaziweza. Mshumaa uwe ndani ya chupa pana yenye mchanga, feni izimwe.

Kisha ramani: Kaboya, Kagera, walikozikwa askari wa vita vya Tanzania na Uganda vya 1978–79, na Naliendele, Mtwara, kwa waliokufa wakiisaidia Msumbiji. Hapo ndipo maswali yalipomiminika. Jibuni kweli: walikufa, hawakurudi kwa watoto wao. "Wamelala" huwatia wadogo hofu ya usingizi.

Dua mwishoni, kisha uji.