Kuponi imekataliwa kaunta, nina kesi?

Mgeni wa Columbus aliandika, Jumapili usiku:

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Mimi ni mgeni humu, binamu yangu ndiye aliyeniingiza wiki iliyopita. Nimemaliza UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwaka jana, tangu Agosti niko Columbus, Ohio, nasoma. Jana nimepata aibu ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe.

Kwenye grupu la WhatsApp la Watanzania wa huku mtu alirusha kuponi ya sabuni ya kufulia, chupa kubwa, bure kabisa. Nikaichapa maktaba ya chuo nakala mbili. Kufika kaunta, keshia akaskani, mashine ikalia. Akarudia, ikalia tena. Akamwita meneja. Meneja akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya, akaigeuza, akanitazama, akasema inabaki kwao. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu sita. Nimeacha sabuni, nimeacha na mchele niliokuwa naulipia kwa hela yangu halali, nikatoka.

Naomba kujua mambo mawili. Je, nina kesi? Na ile nakala ya pili iliyobaki begini niifanyeje? Nina wasiwasi na viza.

Dada wa Chang'ombe alijibu, Jumatatu:

Mbukwenyi mdogo wangu, na pole sana.

Nakujibu kutoka nyumbani, niko likizo kwa mama hapa Chang'ombe, Dodoma. Joto la Oktoba mnalijua, mvua bado, na umeme umerudi sasa hivi, kwa hiyo naandika haraka kabla haujaghairi. Marekani nimekaa miaka 14, na kati ya hiyo mitatu nimesimama nyuma ya kaunta.

Kwa ulivyoeleza, kesi siioni. Hukujua, na hukuondoka na mali ya mtu. Ile nakala ya pili ichane sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Kosa ni kuitumia kuponi bandia huku unajua, na kuanzia juzi wewe unajua.

Sasa nikuambie kwa nini meneja alikuwa na sura ile. Miaka ya nyuma marehemu baba alikuwa na kibanda cha soda hapa hapa mtaani. Kampuni moja ikaleta promosheni ya vizibo: unafungua chupa, unabandua ile plastiki ya ndani ya kizibo, ukikuta alama unampelekea mwenye duka anakupa soda ya bure. Baba akawa anatoa soda, kizibo anakitupia kwenye kopo la maziwa ya unga. Gari la soda lilipita kila Alhamisi, msambazaji anahesabu vizibo na kurudisha soda kwa idadi ile ile. Wiki moja gari halikuja. Lilipokuja Alhamisi ya pili, msambazaji hakushuka hata kwenye gari: promosheni ilishafungwa Jumapili. Baba alibaki na vizibo 61. Tulipovimwaga mkekani jioni, vinne havikuwa hata vya kampuni ile, mtu alikuwa amechora alama kwa kalamu ya wino mwekundu. Baba hakugombana na mtu, ila tangu siku ile kila mtoto aliyeleta kizibo aliambiwa asubiri, na baba anakwenda nacho juani kukikagua.

Keshia wako wa Columbus ndiye baba na kopo lake. Kuponi ya kiwanda si zawadi ya duka. Duka linakupunguzia kwa hela yake, halafu kuponi zinakusanywa na kupelekwa kwenye vituo vya kuhesabia, nyingi zina anwani za Texas, Del Rio au El Paso. Huko zinakaguliwa, ndipo kiwanda kinalirudishia duka thamani ya kuponi, na kwa kawaida senti 8 juu yake kwa usumbufu. Ikionekana bandia au imepitwa na wakati, duka halilipwi. Kwa hiyo anayeskani haulizi kama wewe ni mwizi, anauliza nani atamlipa. Na wewe kabla hujatoka nyumbani jiulize hivyo hivyo.

Kuponi yenye maneno "Manufacturer's Coupon" inalipwa na kiwanda, na mara nyingi utaitumia duka lolote linalopokea kuponi. Ikiandikwa jina la duka peke yake, inaishia kwenye duka hilo. Tofauti hiyo utaiona hata kwenye kodi: katika majimbo mengi, Ohio ikiwemo, kuponi ya kiwanda haipunguzi kodi ya mauzo, unatozwa kwa bei ya kabla ya punguzo, kwa sababu dukani bei kamili imelipwa, ila sehemu yake imelipwa na kiwanda. Usije ukamgombeza keshia kwa senti hizo. Mimi nilimgombeza mmoja, na nilikuwa sina haki.

Kisha soma yale maandishi ya chini, madogo kama chawa. Pale lazima kuwe na anwani ya kurudishia, na maelekezo kwa mwenye duka. Utakuta pia kuwa thamani yake kwa fedha taslimu ni kitu kama moja ya mia ya senti. Usicheke, ni mambo ya sheria za zamani za baadhi ya majimbo. Waghushi wengi hawahangaiki na maandishi haya, au wanayanakili hadi yanakuwa ukungu mtupu.

Tarehe! Hapa ndipo wengi wetu tunaangukia. Marekani wanatanguliza mwezi. Mwaka wangu wa kwanza nilitunza kuponi ya mafuta ya kula iliyoandikwa 04/05, nikaisubirisha hadi mshahara wa mwisho wa Aprili, najua ninayo mpaka tarehe 4 Mei. Ilikuwa imekufa tangu tarehe 5 Aprili. Keshia alinionyesha kwa kidole, na mimi nikamwonyesha kwa kidole, kila mtu anaona tarehe yake. Ikiwa namba ya pili imezidi 12 hakuna shida, utashtuka mwenyewe. Zinazoua ni zile ndogo ndogo.

Halafu bidhaa yenyewe. Ile picha ni pambo. Kiwanda kinaweka picha ya chupa ya bei mbaya, masharti yanaitaja nyingine, au yanasema aunsi 46 kwenda juu na wewe umebeba ya 40. Aunsi moja ya kimiminika ni kama mililita 30, na hazikutani na vipimo tulivyozoea, kwa hiyo soma namba iliyo kwenye chupa, usikadirie kwa mkono kama unavyopima dumu la mafuta pale Majengo. Na wanaposema moja kwa "purchase" maana yake ni kuponi moja kwa kila bidhaa: ukichukua nne una haki ya kuponi nne. Wakisema moja kwa "transaction" ni moja kwa bili nzima. Neno hilo moja limewahi kunifanya nirudishe makopo matatu ya nyanya kwenye rafu huku watu wanasubiri.

Kuhusu bandia. Kuponi ya bure kabisa unayoichapa mwenyewe, karibu siku zote ni ya uongo. Bidhaa ya bure ipo, ila mara nyingi kiwanda kinakutumia karatasi yenyewe kwa posta, kwa mfano ukiwa umelalamika. Ikija kama picha kwenye WhatsApp, achana nayo. Halali ya kuchapa unaifuata mwenyewe kwenye tovuti ya kiwanda au duka, na mara nyingi kila mtu anapewa idadi yake. Unayouziwa pia achana nayo, kuponi nyingi zimeandikwa kwamba ikiuzwa au kunakiliwa inakufa, kwa hiyo zile nakala zako mbili zingekataliwa hata kama ya kwanza ingekuwa safi. Na ile inayokuambia ujaze namba ya kadi kisha uwatumie watu kumi, hiyo si kuponi kabisa, wanavua samaki na chambo ni jina la duka kubwa.

Ukiwa na shaka kuna Coupon Information Corporation, chombo cha viwanda vyenyewe, wanaweka kwenye tovuti orodha ya kuponi bandia zilizokamatwa, pamoja na picha. Angalia bila malipo. Si mchezo jambo hili: mwaka 2021 mwanamke mmoja wa Virginia Beach alihukumiwa miaka 12 jela kwa kutengeneza kuponi za kughushi na kuwauzia watu mtandaoni, hasara ikapita dola milioni 31. Alikuwa anazichora nyumbani kwa kompyuta.

Mwisho, mashine kulia si hukumu. Msimbo wa kuponi, ile mistari inayoskaniwa, uliobadilishwa mwaka 2011, unabeba kiasi, bidhaa inayotakiwa, hata tarehe ya mwisho. Ukikosea ukubwa wa chupa tu, inalia. Sema "samahani, itoe tu", lipa, ondoka na mchele wako. Ule mchele umeniuma kuliko sabuni.

Na yule aliyeirusha kwenye grupu usimshambulie mbele za watu. Mfuate pembeni. Inawezekana naye alirushiwa.

Mama wa London aliongeza, Jumatatu jioni:

Habari za huko wote. Dada wa Chang'ombe kamaliza, mimi naongeza la Uingereza tu.

Huku tarehe ni kama nyumbani, siku kwanza, kwa hiyo anayehama kutoka Marekani kuja huku ajiangalie kwa upande wa pili. Halafu angalieni tarehe ya kuanza. Kuponi zinazotoka pamoja na risiti zinaweza kuwa na mwanzo na mwisho. Mume wangu alipeleka ya kwake siku mbili kabla haijaanza, akarudi amenuna kwamba tunabaguliwa. Nikamwonyesha mstari. Hajaomba radhi hadi leo.

Vocha za Clubcard, kadi ya wateja ya duka la Tesco, zinakaa miaka miwili, ila ikishatumika mara moja basi, ni kama ile vocha ya simu ya kukwangua: mwenzio akiwahi kuingiza namba, wewe umebaki na kikaratasi. Kwa hiyo msipige picha za vocha zenu mkaziweka humu kuuliza "hii ni nzima?" Ficheni namba.

Kaka wa Houston, Jumanne:

Na zile za kwenye programu ya simu je? Mke wangu anasema amebonyeza, kaunta bei haikushuka.

Dada wa Chang'ombe:

Kaka, tatu kati ya nne ninazozijua ni hivi: alibonyeza kwenye akaunti moja akaandika kaunta namba ya simu ya akaunti nyingine. Au alibonyeza akiwa tayari ameshalipa. Ya dijitali inabidi ichaguliwe kabla ya kulipa, na nyingi ni mara moja tu. Mwambie asome risiti akiwa bado ndani ya duka, kuponi inaonekana kwa mstari wake. Hapa Dodoma TRA, watu wa kodi, wametufundisha kudai risiti, mama yangu haondoki dukani bila kuisoma ile ya mashine ya EFD kuanzia juu hadi chini, wauza duka wanamkimbia. Anayefika nyumbani ndiyo anaanza kusoma, hapo ni kurudi na petroli.

Mgeni wa Columbus, Jumamosi:

Dada shikamoo, na wote mlionijibu ahsanteni.

Nakala niliichana. Yule wa kwenye grupu nilimfuata pembeni, kumbe ni mzee mmoja mstaarabu sana, alitumiwa na mtoto wa dada yake, na yeye alikuwa anajiandaa kwenda na tatu. Amefuta.

Leo nimerudi duka lile lile. Nilikuwa na kuponi moja ya kiwanda ya dawa ya meno, dola 1.50. Niliikagua mezani jana usiku kama natafuta kosa kwenye hati ya kiwanja: anwani ipo, Del Rio kweli, mwezi kwanza, aunsi nimezisoma kwenye boksi lenyewe. Keshia alikuwa yule yule. Mikono inanitoka jasho. Akaskani, mashine ikalia mlio mmoja mfupi, nikajua basi tena. Akaitupia kwenye droo, akaniambia jumla. Kumbe ule ndio mlio wa kukubali.

Kodi wametoza kwa bei kamili. Sikusema kitu.

Mchele nimenunua. Swali langu la mwisho halihusu kuponi: lile kopo la vizibo bado lipo?

Dada wa Chang'ombe:

Lipo. Mama anawekea misumari.