Vyombo vya kioo vilivyomeguka au kupata ufa: mnavifanyia nini? Tupeane uzoefu

Wakuu, kabati langu lina jagi lenye ufa, gilasi zilizomeguka midomo na mtungi wa kioo usiofunga tena. Kuvitupa roho inasita, kuvitilia chakula siwezi. Sitaki habari za chupa nzima zilizopakwa rangi, hizo zimejaa kila mahali. Nataka kusikia kwa waliotumia vilivyoharibika.

Fundi Msasa: Mkuu, tenganisha kwanza. Kumeguka ni jambo moja, ufa ni jingine. Mdomo uliomeguka nausugua kwa msasa wa maji, naanza na namba 220 namalizia na 400. Msasa na kioo vilowe muda wote, na barakoa usoni, maana vumbi la kioo likikauka linaingia mapafuni. Gilasi nilizosugua zinashika kalamu na brashi za rangi. Za kunywea hapana. Chenye ufa sikisugui kabisa, ufa hutembea.

Mama Maua: Mimi ni mimea tu. Watu hujaza changarawe chini ya chombo wakidhani wametatua habari ya maji kutuama. Hawajatatua, kwa sababu maji bado hayana pa kutokea, yamesogezwa tu karibu na mizizi. Mimi mmea unakaa kwenye kopo jembamba la plastiki lenye matundu, nalitumbukiza ndani ya jagi bovu. Nikimwagilia nalitoa, likichuja nalirudisha. Hivyo jagi halibebi udongo uliolowa, na ufa haulemewi. Kitu kingine: usipande moja kwa moja kwenye kioo kinachopigwa na jua, ukijani utaota ndani mpaka uchoke kuutazama.

Keekee: Kwa vilivyomeguka tu, mnaweza kutoboa kitako. Ncha ya almasi, mwendo wa polepole, maji yasikauke, na usikandamize. Ila kioo kilichoimarishwa kwa joto kiwandani msikiguse. Hakitoboki, kinasambaratika chote kwa mpigo.

Mgeni Jamvini: Na mshumaa ndani ya gilasi yenye ufa? Unapendeza sana.

Fundi Msasa: Dada/kaka, hapana. Upande wenye moto unatanuka, mwingine bado wa baridi, kioo kinaachia palepale kwenye ufa. Hapo una nta ya moto na mwali mezani. Weka vitaa vya betri.

Mzee wa Stoo: Misumari, skrubu, vifungo vya nguo. Mtungi usiofunga unafaa sana kwa hivyo kwa sababu unaona kilichomo bila kupekua. Nageuzia kwenye sahani, siingizi vidole. Na uwekwe chini, si rafu ya juu.

Mama Maua: Nyumba yenye watoto wadogo mimi ningetupa tu, tusijidanganye.

Keekee: Ukitupa, funga kwa magazeti mazito na uandike nje KIOO, anayebeba taka ana mikono pia. Bakuli za kuokea zisichanganywe na chupa za kurejelezwa, nyingi ni kioo cha aina nyingine kinachohitaji joto kubwa zaidi kuyeyuka.

Mwanzisha mada: Shukrani. Jagi linakwenda kwa mmea, gilasi nazisugua. Mtungi wa kioo nauweka stoo. Nani amewahi kuziba ufa kwa gundi ya epoksi kwenye chombo cha maua makavu, ilidumu?