Wanaume wa kanisani kwetu hawatoki misheni. Naomba ushauri (Masasi)

MamaMisheni

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu.

Nipo Masasi, Anglikana, mama wa watoto watatu. Tangu mwaka juzi nimekabidhiwa kamati ya misheni ya mtaa wetu. Kila mwezi tunatoka kwenda vijiji vya Nanyumbu, kule kuelekea mto Ruvuma. Tunalala siku mbili tatu, tunafundisha Neno, tunaona wagonjwa, tunaomba nyumba kwa nyumba. Tupo kumi na moja: wanawake tisa, wanaume wawili, na mmoja wao ni mwalimu wa kanisa mstaafu ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda bodaboda.

Wingi wetu kina mama haunisumbui. Linaloniuma ni lililotokea mwezi wa tano. Tulifika kijiji kimoja, kina mama wakajaa chini ya mkorosho, tukaimba, tukafundisha. Wanaume walikaa barazani, hatua kama thelathini tu kutoka pale tulipo, wanacheza bao. Walitusalimu kwa heshima zote. Tunafunga mizigo, mzee mmoja akaniita pembeni, akaniuliza taratibu: "Mama, hili mnalotuletea, waume zenu wanaliamini?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala.

Mume wangu ni mwumini, hakosi ibada, zaka anatoa. Nikimwambia tutoke, ananijibu korosho. Mwezi wa sita mpaka wa nane anapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho. Mwezi wa kumi korosho zinaanguka, ni kuokota, kupeleka ghalani, kusubiri mnada. Mvua zikianza ni jembe. Nikihesabu hivyo mwaka umekwisha. Mchungaji amelisemea jambo hili mara mbili madhabahuni, watu wakaitika Amina, na safari iliyofuata tukaondoka walewale.

Nifanyeje bila kumdhalilisha mume wangu, na bila kuwavunja moyo kina mama waliobeba kazi hii miaka yote?

---

FundiLukuledi

Dada, mimi nilikuwa huyo mumeo. Miaka sita mke wangu anabeba mkoba anaondoka, mimi namtakia safari njema. Nilikuwa najiambia sijui kuhubiri, na kweli sijui.

Siku moja alirudi akaniambia kanisa la kijiji fulani limeezuliwa na upepo, wenyeji wana mabati lakini hawana mtu wa kupaua. Hakuniomba kwenda misheni, aliniomba nikapaue. Nilikaa siku nne. Mchana tupo juu ya paa na vijana, jioni tunakula pamoja, na huko kwenye chakula ndiko maswali yalikoanzia. Kwa nini umekuja bure? Dini yenu inasemaje kuhusu deni? Kuhusu mke wa pili? Nilijibu nilichokijua, na nisichokijua niliwaambia sikijui. Tangu hapo natoka.

Muulize mumeo anajua kufanya nini kwa mikono. Kama anajua kupogolea mikorosho, huko Nanyumbu watamkalisha kitako wamsikilize. Na hilo la salfa, mimi pia ni mkulima: haipulizwi kila siku. Kati ya awamu na awamu kuna wiki mbili mpaka tatu. Siku tatu hazikosekani.

---

Binti_Newala

Naomba nitofautiane kidogo kwa upendo. Tukisema "wanaume wanahitajika", wapo watakaosikia kwamba kina mama walikuwa wanashikilia tu mahali mpaka wenyewe waje. Hapana. Mwaka 1876, Askofu Steere wa Anglikana alipowaleta watumwa walioachwa huru kutoka Unguja kupitia Lindi mpaka Masasi, mwaka huohuo mmisionari Mary Slessor kutoka Scotland alifika Calabar, Nigeria ya leo, akiwa msichana asiye na mume. Alifanya kazi huko mpaka akafa 1915. Hakuwa anamshikia mtu nafasi.

Wanaume waje, lakini wasikabidhiwe uongozi siku ya kwanza kwa sababu tu wamevaa suruali. Nimeshaliona likitokea, na kina mama wanne wakaacha kutoka.

---

MamaMisheni

Binti, umesema lililokuwa moyoni mwangu nikashindwa kuliandika. Asante. Fundi, la salfa mume wangu hakuwahi kuniambia!

---

MzeeChiwata

Wanangu, marahaba.

Mama, yule mzee hakukutukana. Alikuuliza swali la kwetu. Huku Kusini, kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, kijana ana mjomba wake. Mjomba asipokubali, mpwa anaweza kukusikiliza mwaka mzima na habatizwi. Na mjomba hakai chini ya mkorosho na kina mama. Utamkuta barazani, utamkuta matangani upande wa wanaume, utamkuta jandoni. Jandoni huwezi kuingia, hata uwe na Roho Mtakatifu kiasi gani.

Hili wazee wetu waliliona mapema. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, hakulipiga jando marufuku. Alitaka liwe la Kikristo, vijana wafundishwe mila njema pamoja na sala. Kazi hiyo ilihitaji wanaume waumini wa kukaa na vijana kule, wazee wanaoaminika na ukoo. Na kabla yake, padri Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, aliyepewa upadri mwaka 1890, alifanya kazi Chitangali akizungumza na machifu kwa lugha yao. Alikaa nao kama ndugu.

Kwa hiyo ukimwomba mumeo, usimwambie kina mama wamechoka. Mwambie kuna mlango ambao wewe huwezi kuupita na yeye anaweza. Mwanaume akiambiwa hivyo anasimama.

---

Abuu_Lindi

Asalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, natoka Lindi, nimesoma uzi wenu kwa heshima. Kwetu wapo wanaotoka na jamaa ya tabligh, Waislamu wanaozunguka kufundisha dini, siku tatu kila mwezi, wengine arobaini, wanabeba mikeka na masufuria yao na kujilipia nauli. Ninachokiona kinawasaidia: kila mtu anajua tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Mkulima akijua Jumapili jioni yupo nyumbani, anajipanga. Ninyi huwa mnawaambia wanaume "tutoke misheni" au mnawaambia "Ijumaa mpaka Jumapili"?

---

Dereva_Mangaka

Swali moja tu. Hizo bodaboda zinazowapeleka zinaendeshwa na nani? Sisi tunawashusha na kukaa pembeni kuwasubiri. Hakuna aliyewahi kutuambia njooni mketi.

---

MamaMisheni (mrejesho)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Maneno ya Mzee Chiwata nilimwambia mume wangu kama yalivyo, kwamba kuna mlango nisioweza kuupita. Alinyamaza kama siku mbili. Siku ya tatu akauliza, "Mlisema mnaondoka tarehe ngapi?" Nikamwambia Ijumaa, kurudi Jumapili. Alimaliza awamu yake ya salfa Jumatano, akachukua msumeno wa kupogolea, tukaondoka.

Hakuhubiri. Jumamosi nzima alikuwa shambani kwa yule mzee wa barazani. Mimi na kina mama tuliendelea na kazi yetu, na aliyeongoza safari alikuwa mama mwenzetu wa siku zote. Madereva wetu wawili tuliwaalika kukaa, mmoja akakaa.

Jioni nikamwona mume wangu amekaa barazani, bao limesogezwa pembeni, wanaongea. Sijui waliongea nini na sikumwuliza. Tukiwa njiani kurudi aliniambia mzee anataka kujua mwezi ujao tunakuja lini, kwa sababu mjomba wake atakuwepo.

Abuu, Mungu akubariki. Dereva, kama ni wewe uliyekaa, safari ijayo ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi.