Mafundi wa saundi Mombasa, besi si kutikisa mabati!

Wadau wa muziki wa Pwani, huu ni uzi wa malalamiko, asiyetaka makelele apite zake. Nimechoshwa na mafundi wa saundi wa mji huu wanaoamini kazi ya besi ni kutikisa mabati. Nimechoshwa na maduka yanayouza wati kwa fungu kama mboga za Kongowea. Na walionichosha kuliko wote ni wenye shughuli wanaomkata pesa mpiga gitaa la besi kama mimi kwa madhambi ya mtu aliyekaa nyuma ya miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na harusi Nyali. Ukumbi wa maana, biriani ya kutosha, bendi tumejipanga. Tulipomaliza awamu ya kwanza nikashuka kunywa maji, shangazi yake bibi harusi akanishika mkono: "Mwanangu, wewe wapiga nini pale? Maana kifua chanitetema lakini gitaa lako silisikii." Mama wa watu hajui Hz (mitetemo kwa sekunde) wala wati, na ndiye peke yake ukumbini aliyelieleza tatizo likaeleweka. Mwisho wa shughuli aliyetukodi akapunguza hela yangu, eti besi haikusikika. Fundi wa saundi akatumiwa yake yote kwa M-Pesa mbele ya macho yangu, na bakshishi juu.

Nitasema alichofanya, kwa sababu ndicho mnachofanya wengi wenu.

Napiga Jazz Bass, gitaa la besi la Fender, isiyotumia betri. Nilifika na kisanduku changu cha DI mkobani, nikamwambia fundi anipe chaneli ya maiki nimpelekee XLR, ule waya wa maiki wa pini tatu. Jibu lake: "Ya nini hiyo kaka? Nipe jeki tu, miksa yangu kubwa." Akauchukua waya wangu, akauunga na mwingine, akaupitisha chini ya zulia mpaka mezani kwake na kuuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la laini. Ukubwa wa miksa unahusu nini hapa? Pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, za gitaa lisilo na betri zinataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja, na ampu ya besi hutengenezwa hivyo makusudi. Tundu la laini la miksa nyingi lina omu elfu kumi au ishirini. Ukizichomeka pale zinaelemewa. Sauti ya juu inakufa, mguso wa kidole kwenye uzi haupo tena, kinabaki kitu kizito kilichovimba. Waya mrefu nao unakula kilichosalia. DI imewekwa kwa ajili hiyo: inalipokea gitaa kwa ukinzani mkubwa, inalipeleka miksani kwa waya wa XLR bila kuokota kelele njiani. Yangu inakula volti 48 kutoka kwenye miksa. Kitufe cha volti 48 kilikuwa pale pale, mbele ya kidole chake!

Basi sauti ikamfikia imekwisha kufa. Hakuuliza imekufa kwa nini. Akafanya ule mchezo wenu: sauti ya chini akaipandisha kabisa, ya kati akaishusha kabisa, na ya juu akaiongeza kidogo ili "ing'ae". Kisha besi yote akaipeleka kwenye sabufa mbili, spika za sauti nzito, zilizolala chini ya jukwaa, na kwenye spika za juu hakuacha hata chembe.

Haya, tupige hesabu. Besi ya nyuzi nne, uzi mnene wa E ukiachwa wazi unatoa 41 Hz. A ni 55, D ni 73, G ni 98. Sabufa nyingi hukatwa kati ya 80 na 100 Hz, kupanda hapo kazi ni ya spika za juu. Ukinitia kwenye sabufa peke yake, uzi wa G ukiwa wazi, sijagusa freti hata moja, umeshafika mlangoni. Nikipanda ndio natoweka. Kwa hiyo mstari unaoanzia chini kwenda juu, ukumbi unasikia nusu ya kwanza inanguruma, nusu ya pili hakuna kitu. Chakacha, ngoma yetu ya Pwani, haichezeki hivyo, wallahi. Ile mizani ya sita kwa nane inataka noti ianze na ikome mahali pake, na ule ukimya baina ya noti mbili ndio unaozungusha kiuno. Mvumo usiokoma unaziba pengo lote, kina mama wanabaki wamesimama wanatazamana. Muziki wa bango wa Mzee Ngala nao, uunyime besi yenye noti, umebaki na saksafoni na ngoma.

Na kuna jambo mnaambiwa kila siku hamlitaki: watu hawaifuati besi kwa ile sauti ya chini kabisa. Spika ya simu haiwezi kutoa 41 Hz hata kwa dua, na bado ukicheza wimbo kwenye simu mstari wa besi unaujua. Noti ya 41 haitoki peke yake, inapanda na wenziwe, 82, 123, 164 na kuendelea, na sikio linajijazia lililokosekana. Kwenye ukumbi wenye vigelegele na watoto wanaokimbizana, besi inatambulika zaidi kati ya 400 na 900 Hz. Eneo hilo hilo ndilo mnalolifyeka, halafu mnasema mpiga besi hana nguvu mkononi.

Mimi nikiachiwa sauti yangu, chini ya 35 Hz nakata, maana pale ni kuichosha spika bure. Ukumbi wa zege ukivuma, napunguza kidogo kwenye 200 hadi 250. Naongeza kiasi kwenye 700 au 800. Kompresa, kile kifaa cha kubana sauti, kidogo sana, ya kuzuia noti moja isiruke, si ya kuniminya mpaka kila noti iwe sawa. Ukiisikiliza sauti hiyo chumbani peke yako utaichukia, yatokea puani. Isikilize dramu na magitaa mawili yakishaingia.

Ufukweni ni habari nyingine, nakubali. Bamburi au Diani, jukwaa liko mchangani, hakuna ukuta wa kuirudisha sauti nzito, inakwenda zake baharini. Pale fundi akiongeza chini namshukuru. Lakini kuuchukua mpangilio wa ufukweni, jinsi ulivyo, ukauleta kwenye ukumbi wa dari fupi Nyali bila kugusa kitufe? Huo uvivu tu.

Wapiga kinanda msijifiche nyuma ya hasira zangu, nanyi mmo. Mkono wenu wa kushoto watafuta nini kwenye oktava yangu? Bendi ikiwa na besi, mkono huo ulazeni pajani.

Kuna na kesi ya mvumo. Umeme wetu ni volti 240, 50 Hz. Waya mbovu au jenereta isiyotulia ikipenya kwenye saundi, unasikia mvumo wa 50 na wa 100. Sasa freti ya tatu ya uzi wa E, yaani G ya chini, ni 49 Hz. Mvumo umepanga nyumba jirani na noti yangu. Wimbo ukiwa kwenye G, viwili hivyo vinagombana, sauti inapwita polepole, kama mara moja kila sekunde, na mtu anadhani gitaa limetoka kwenye tuni. Jumamosi niliambiwa "gitaa lako bovu" na mtu ambaye waya wake wa umeme wa taa ulikuwa umelala juu ya waya wangu urefu wote wa zulia. Na mvumo ukitoka kwenye nyaya za ardhi za vifaa, DI ina swichi ya kuzitenganisha, inabonyezwa kwa kidole kimoja. Nanyi wenye Jazz Bass jihadharini: vitufe vyote viwili vya sauti vikiwa juu kabisa, pikapu zake zinafutiana mvumo, ukishusha kimoja kidogo unarudi. Wenye Precision, lile gitaa jingine la besi la Fender, ya muundo wa 1957 kuja huku hamna shida hiyo, pikapu yenu imegawanywa vipande viwili ili ijifutie yenyewe. Kama kazi zako nyingi ni za jenereta na waya za kuunga unga, kabla hujavutiwa na rangi ya gitaa, fikiria hilo.

Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, alitoa Precision Bass mwaka 1951 ili mpiga besi asikike ndani ya bendi na aachane na lile dubwana la besi la kusimama. Asikike! Mimi nina Jazz Bass, aina iliyotoka baadaye, mwaka 1960, na Nyali nimeshindwa kusikika.

Twende madukani. Duka moja hapa kisiwani, silitaji, lilimuuzia kijana wa Likoni ninayemfundisha kichwa cha ampu cha wati nyingi za kwenye maandishi. Muuzaji kamwambia wati 500 ni sauti mara mbili ya wati 250. Muongo. Kuzidisha wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia lakini hupigi nayo mayowe. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili unataka wati kama mara kumi. Pesa ile ile ukinunua kabati la spika lenye unyeti (sauti linayotoa kwa wati moja) wa desibeli 3 zaidi, umepata ulichotaka kupata kwa kuzidisha ampu. Nambari hiyo huandikwa nyuma ya kabati au kwenye karatasi zake. Muulize muuzaji uone atakavyogeuza mazungumzo.

Halafu akamfungia na kabati la pili "kwa bei nzuri". Makabati mawili ya omu 8 yakiungwa sambamba yanakuwa omu 4, na ampu nyingi mwisho wake ni hapo. Kijana alikuwa na la tatu nyumbani, na duka likamwambia unga yote! Hiyo inashuka chini ya omu 3, ampu inachemka mpaka inajizima, ikiwa na bahati. Na waya wa kutoka kwenye ampu kwenda kwenye spika wakampa wa gitaa, ule mwembamba wenye wavu, eti jeki ni ile ile. Jeki ni ile ile ndiyo, lakini shaba ya ndani haifanani. Wa spika una nyaya mbili nene kwa sababu unabeba mzigo.

Ampu ya mitumba kutoka Marekani nayo, itazameni nyuma kwanza. Ikiandikwa volti 120 peke yake, bila transfoma usiithubutu. Moshi wake hauna dhamana.

Nyuzi nitasema kwa ufupi kwa sababu hapo wa kulaumiwa ni bahari. Hewa ya chumvi inazila nyuzi za mikwaruzo, ile sauti ya kung'ara uliyoilipia inaondoka upesi, na kutu inaanza kukusugua vidole. Mimi nimehamia nyuzi bapa, zile laini kwa kuguswa. Hazing'ari tangu mwanzo, hivyo hakuna cha kuondoka. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alipiga nyuzi bapa kwenye Precision yake ya mwaka 1962, na sauti ile mpaka leo watu wanaitafuta kwa vifaa vya mamilioni. Baada ya shoo futa jasho kwa kitambaa kikavu, weka gitaa kwenye mkoba wake, na usiliegemeze kwenye ukuta unaotoka majimaji.

Mameneja wa hoteli wanaokataza ampu jukwaani kwa sababu "wageni wanakula" nitawafungulia uzi wao. Lakini ukinikataza ampu nipe basi monita nijisikie. Kupiga besi kwa kukisia kutoka kwenye mguu wa mpiga dramu ni mateso.

Kuanzia sasa nikiitwa kazi naandika kwenye makubaliano: chaneli moja ya XLR yenye volti 48, besi ipite spika zote za juu na sabufa, saundi cheki kabla wageni hawajaingia, na malipo yangu hayakatwi kwa jambo lililofanyika mezani kwa fundi. Mwenye shughuli asiyetaka atafute mwenye kucheza muziki wa kompyuta, hatutakosana. Mafundi mliomo humu, na najua mmo, njooni na hoja. Mkileta "kaka wewe huna shukrani" sijibu.

Mengine ni haja yangu binafsi. Mwenye kabati la spika nne za inchi kumi, omu 8, la kukodisha mwisho wa wiki, upande wa kisiwani au Kisauni, aandike bei hapa hapa. La ng'ambo ya Likoni silitaki, kuvuka feri na dude lile mgongoni kulishanitosha.