Mjadala: Bosi wa ofisi ya ramani akae na wananchi kwanza au ni kupoteza muda?

Wadau wa Moshi na Arusha hebu tulijadili hili. Siku hizi kila ofisi ya wachora ramani za majengo imebandika ukutani "tunajenga kwa ajili ya jamii" ila bosi saiti haendi, anatuma kijana wa fildi apige picha mbili tatu, ramani inatoka. Huku kwetu kuna soko vizimba vyake vya zege vinakufika kifuani, sasa mama na mkungu wa ndizi anaupandishaje pale? Basi vizimba vimejaa maboksi matupu, biashara iko chini kwenye viroba. Kama hujakaa na wale wamama siku ya gulio, wewe mwenyewe bosi, usijiite wa jamii.

Mkadiriaji Njiro: Sawa mkuu, ila hiyo siku nani anailipa? Ada imeshabanwa. Halafu ukiitisha mkutano wanaongea mwenyekiti na wazee watatu, wamama wako kimya nyuma, muhtasari unasainiwa, vizimba vilevile.

Grajueti 2: Usiitishe mkutano basi, nenda kanunue ndizi. Mcheki Francis Kéré, mchora ramani za majengo wa Burkina Faso, shule ya kijijini kwao Gando ilikamilika 2001, wanakijiji wamebeba mawe, wamama wametwanga sakafu, bati kaliinua juu ya dari joto lipate pa kutokea. 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya dunia ya wachora ramani za majengo. Na si kwamba alifuata kila walichosema, kujenga kwa udongo walikutilia shaka sababu ya mvua ikabidi awashawishi, kwangu mimi hapo ndo uongozi ulipo maana kusema ndio kwa kila mtu hata mwanasiasa anaweza.

Fundi Pasua: Kéré alikuwa anajenga kwao, na michango kahangaika nayo mwenyewe tangu anasoma Ujerumani. Hapa ushirikishwaji maana yake msaragambo, sisi tubebe mawe Jumamosi na usipotokea faini, mchoraji anakunja ada yake kamili. Bosi wa jamii naye apunguze basi. Na huyo kijana wa fildi mpeni nauli jamani.

Mleta mada: Fundi hapo kwenye msaragambo sina la kukujibu. Mkadiriaji, vile vizimba vikivunjwa vijengwe upya, hela inatoka fungu gani?

Mkadiriaji Njiro: Ukarabati 😅 ila subirini bajeti ijayo.