.375 au .458 kwa kumfuata nyati aliyejeruhiwa?

Mwanagenzi_UsaRiver
Shikamooni wakubwa. Niko kwenye mafunzo ya uwindaji bingwa, na msimu ukifunguliwa Julai nitasimama nyuma ya mgeni anayewinda, kwenye kitalu chenye vichaka vizito. Mnyama mkuu ni nyati. Natafuta bunduki yangu mwenyewe. Hapa Arusha nimeonyeshwa mbili, zote zimetumika: CZ 550 ya .375 H&H na Brno ZKK 602 ya .458 Winchester Magnum. Bei hazipishani sana. Wenzangu wanashikilia .458, kwa kuwa .375 ndiyo kima cha chini kwa nyati. Nikague nini kabla sijatoa hela?

FundiKitako_Moshi
Marahaba. Kaliba (unene wa risasi kwa inchi, hiyo .375 au .458) iache kwanza, mwombe muuzaji akuruhusu kufungua skrubu mbili za chini na kutoa chuma (mtutu na mwili wake) kwenye mti wa kitako. Tazama nyuma kabisa, pale mkia wa chuma unapoingia kwenye shingo ya kitako. Ukiona ufa mwembamba kama unywele unaofuata nyuzi za mti, umeshapata sababu ya bunduki hiyo kuuzwa.

Ufa huo unatokana na jino la kupokea teke (msukumo wa kurudi nyuma bunduki inapolia), lile lililo chini ya chuma upande wa mbele. Lisipokaa sawasawa kwenye mti, kila risasi ikilia chuma kinarudi nyuma na mkia unaingia kwenye shingo kama kabari. Kupima ni rahisi: paka jino masizi ya mshumaa, rudisha chuma, kaza skrubu, kisha toa tena. Masizi yakihamia kwenye mti upana wote, jino linafanya kazi. Yakigusa kona moja tu, itabidi umwage epoksi ya kujazia nyuma ya jino, na kukwangua nafasi ya milimita 1 nyuma ya mkia ili usiguse mti tena.

Kagua hivyo bunduki zote mbili. Na usilipe kitu kabla namba iliyochongwa kwenye chuma haijalinganishwa na leseni ya muuzaji. Uhamisho upite polisi.

Nyayo_za_Longido
Mdogo wangu, hoja ya wenzako ina nusu ya ukweli. .375 ya kichwa cha risasi cha greni 300 (kama gramu 19) inatoka na mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde; .458 ina greni 500 lakini mwendo ni kama mita 630. Kwa mgeni anayepiga risasi ya kwanza kwa utulivu akiwa kwenye miti mitatu ya kuegemezea bunduki, .375 inatosha kabisa, na tangu 1912 imeua nyati wasiohesabika. Wewe kazi yako ni nyingine: nyati ameshajeruhiwa, yuko hatua kumi na tano, anakuja. Hapo kichwa kizito na kipana kina faida ya kweli.

Lakini faida hiyo iko mikononi mwa anayeweza kupiga ya pili haraka. Teke la .458 linawafanya wengi wafumbe macho kabla ya kuvuta triga, na risasi inakwenda chini. Ukiweza, tafuta .416 Rigby: greni 400, karibu mita 730, na ganda lake ni kubwa kiasi kwamba presha haipandi sana. Kwenye joto letu ganda linatoka kwenye chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) bila kugoma. Ganda la .458 Winchester ni fupi na baruti yake imeshindiliwa. Risasi za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa baruti kugandamana na kupoteza mwendo, kwa hiyo usinunue maboksi ya zamani hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Halafu ZKK 602 nyingi za zamani kitufe cha usalama kiko kinyume: mbele ni kufunga, nyuma ni kufyatua. Mkono uliozoea bunduki nyingine utakosea siku mbaya. CZ 550 nayo triga yake ukiisukuma mbele inakuwa nyepesi mno. Kwa nyati usiitumie hivyo kamwe.

DadaGhala
Naongeza jambo ambalo wanunuzi wanaliruka: kulisha. Chukua risasi bandia zenye urefu halisi (.375 H&H inafika milimita 91), jaza magazini, vuta bolti (komeo linalosukuma risasi chembani) taratibu, kisha kwa nguvu, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Zote mbili ulizotaja zina kucha ndefu ya Mauser, inayolishika ganda tangu likiwa kwenye magazini. Ukikatisha bolti katikati kwa hofu, haikuachii risasi moja chembani huku nyingine ikisukumwa nyuma yake. Ila usidondoshe risasi moja kwa moja chembani na kufunga kwa nguvu. Ncha ya kucha inavunjika.

Angalia pia pete ya mkanda. Ikae kwenye mtutu, isiwe kwenye mti, maana teke la .458 huirudisha moja kwa moja kwenye vidole. Darubini isizidi ukuzaji wa mara 1.5–5, nayo ikae sentimita 9 au zaidi kutoka kwenye jicho.

Kwenye shabaha, futa mafuta ndani ya mtutu kwanza, kisha piga risasi laini (inayopanuka ikigonga) na ngumu (isiyopanuka) kwenye karatasi moja, mita 50. Zikipishana zaidi ya sentimita 5, badili aina. Nyati akiwa kundini tanguliza laini, kwa kuwa ngumu hutoboa na kumjeruhi aliye nyuma yake. Na risasi usiziache juu ya dashibodi juani. Baruti ikipata joto presha inapanda, bolti inakuwa ngumu kufunguka.

Mwanagenzi_UsaRiver
Asanteni sana. Tumeifungua CZ leo. Masizi yamegusa kona moja, na nyuma ya mkia kuna ufa wa kama sentimita 2. Muuzaji yuko tayari kupunguza bei. ZKK mti wake ni mzima.

FundiKitako_Moshi
Ufa wa sentimita 2 unatengenezeka, ila usikubali kupakwa gundi juu juu. Shingo itobolewe kwa ndani, iingizwe fito ya shaba yenye nyuzi pamoja na epoksi, ibanwe na kuachwa siku nzima, ndipo jino lijaziwe. Gharama hiyo ikatwe kwenye bei. ZKK nayo ijaribu kwanza kwa risasi bandia kama Dada alivyoeleza, maana mti mzima hausemi lolote kuhusu kulisha.